Oveni Inayounguza: Itazame Taa Kabla ya Kununua Koili

Likifika kumi la mwisho la Ramadhani, oveni za Unguja na Pemba hazipumziki. Vileja, nankatai, keki, mkate wa mayai, vyote vinasubiri zamu yao. Na ndipo zinapoanza lawama. Vileja vimeungua chini na juu bado vyeupe. Keki imepasuka utosini, imefanya gamba jeusi, na kati ni uji mtupu. Kitufe kinaonyesha 180, moshi unasema jengine. Fundi akiitwa, mara nyingi jawabu hutoka kabla hata bisibisi haijatoka mfukoni: "Bi mkubwa, koili hii imeshakwisha, tutie nyengine." Koili inanunuliwa, inatiwa, na sinia la pili la vileja linaungua kama la kwanza.

Simlaumu sana fundi. Koili ndiyo spea inayopatikana kwa urahisi madukani, na ndiyo inayoonekana kwa macho ikiwaka nyekundu. Lakini koili ni waya uliozungushwa ndani ya bomba la chuma. Ukipata umeme unapata moto, ukikatiwa unapoa. Haijui kama ndani mna nyuzi 100 au 300. Ya wati 2,000 inatoa wati 2,000 siku inayofungwa, na miaka baadaye inatoa karibu hizo hizo. Uzee hauizidishii nguvu. Ikichoka hukatika, na ikikatika oveni inakuwa baridi, haiwi moto zaidi. Kwa hiyo oveni ikizidi joto, wa kutafutwa ni yule aliyepaswa kuuzima moto na hakuuzima.

Aliyewahi kuoka kwa kupalia ataelewa haraka. Makaa chini, makaa juu ya kifuniko, na mpishi amekaa hapo hapo; akisikia harufu imebadilika anapunguza ya chini, akiona juu pamepauka anaongeza ya juu. Kwenye oveni kazi hiyo imepewa thamostati, ila thamostati haina ustadi wa mpishi. Haiwezi kupunguza moto kidogo. Inachojua ni kuwasha wote na kuzima wote, kisha kuwasha tena, ili wastani ukae karibu na namba uliyoweka. Hata oveni nzima, isiyo na ila, hupanda na kushuka nyuzi 15 au 20 kila upande. Ukichungulia mara moja ukaona 200 wakati umeweka 180, hujapata ugonjwa wowote bado.

Kwanza uhakikishe ni kweli

Kuna oveni zinazosingiziwa. Mapishi mengi ya mtandaoni yameandikwa na Wamarekani, na wao hupima kwa Farenhaiti. Ukisoma "oka kwenye 350" na oveni yako inaishia 250 za Selsiasi, kishawishi ni kukizungusha kitufe mpaka mwisho. Zile 350 za Kimarekani ni kama 177 tu za kwetu. Oveni yenye feni nayo hupika kwa kasi zaidi, na desturi ni kuishushia nyuzi 20 kuliko mapishi yaliyoandikwa kwa oveni isiyo na feni. Na kuna wanaotia keki mara tu taa inapozima kwa mara ya kwanza. Hapo ndipo pabaya kuliko pote, kwa sababu koili imetoka kwenye baridi ikiwa na nguvu zake zote, na joto lake linaendelea kupanda hata baada ya umeme kukatwa. Mzunguko wa kwanza ndio unaovuka mpaka zaidi. Subiri taa izime mara ya pili au ya tatu ndipo utie.

Kama unayo temometa ya oveni, itundike kwenye wavu wa kati, isiguse ukuta, na uisome kupitia kioo bila ya kufungua mlango. Andika inasema ngapi taa inapozima na ngapi inapowaka, kwa mizunguko kadhaa, kisha tafuta wastani. Ukipata 165 na 205, wastani ni 185; oveni yako haina kosa, tafuta kosa kwenye trei. Ukipata 200 na 230, umeweka 180 na unapikia 215. Hapo una kesi.

Asiye na temometa ana sukari. Sukari nyeupe ya dukani huyeyuka kwenye nyuzi 186 hivi. Fanya kikombe kidogo cha foili, tia kijiko cha chai cha sukari, weka oveni kwenye 170, na ikishatulia kiingize kikombe katikati kwa robo saa. Sukari itoke ikiwa punje punje. Ikitoka imekuwa asali, oveni inadanganya kwa nyuzi kumi na tano au zaidi. Rudia kwa sukari mpya kwenye 195. Safari hii lazima iyeyuke. Usiiache muda mrefu, kwani sukari ikikaa sana kwenye joto huanza kubadilika rangi hata kabla ya kufika hapo, na utahukumu kwa ushahidi mbovu.

Taa inazima na kuwaka

Sasa rudi kwenye ile taa ndogo ya mbele, nyekundu au ya rangi ya chungwa. Kwenye oveni nyingi huwaka koili inapopewa umeme na kuzima joto linapofika. Baadhi zina taa mbili, moja ya kusema umeme upo na moja ya joto; ijue yako ni ipi. Iache oveni tupu kwenye 180 na uitazame.

Ikiwa inazima na kuwaka lakini joto bado limezidi, thamostati ni hai na inafanya kazi, ila inaletewa habari za uongo. Hii ndiyo hali ya mara nyingi, na ndiyo inayotibika kwa gharama ndogo. Fungua mlango oveni ikiwa imepoa na imechomolewa, utazame juu upande wa nyuma au ubavuni. Utaona kijiti cha shaba au cha chuma, unene wa penseli, urefu wa kidole, kimebanwa kwa vibanio viwili. Ndani yake mna mafuta maalumu. Kutoka kwenye kijiti unapita mrija mwembamba kama waya mpaka nyuma ya kitufe, ambako kuna kifuko kidogo cha bati. Mafuta yakipata joto hutanuka, kifuko hufura, kikasukuma kontakti, yaani vile vipande viwili vya chuma vinavyogusana kupitisha umeme, zikaachana, umeme ukakatika. Thamostati nzima ni hiyo. Hakuna umeme ndani ya kijiti, hakuna kompyuta.

Kijiti hicho kikichomoka kwenye vibanio na kulala kwenye kona yenye ubaridi, au kikateleza kikaingia nyuma ya ukuta kwenye pamba ya kuzuia joto, kitapima joto la huko na si la keki yako. Kitaendelea kusema "bado, bado" huku ndani pamefika 240. Wa kulaumiwa mara nyingi ni usafi. Kabla ya Sikukuu mtu anaingia na waya wa kusugulia, anasukuma huku na huku, kijiti kinatoka mahali pake bila ya mtu kujua. Oveni iliyoanza kuunguza wiki ile ile iliyosafishwa, anza hapo. Kirudishe kwenye vibanio polepole, na mrija usiupinde kona kali. Ukivunjika, umejitengenezea ugonjwa mkubwa zaidi. Kama kijiti kimevaa koti la mafuta yaliyoganda, kifute kwa kitambaa chenye sabuni. Koti hilo hukichelewesha kusikia joto, na kwa kuchelewa huko moto unapita mpaka.

Kisha tazama unachotia ndani. Sisi ni watu wa sinia. Mkate wa kumimina ukitiwa kwenye sinia linalogusa kuta zote mbili za oveni, umeigawa oveni vyumba viwili. Koili ya chini inawaka chini ya sinia, joto halina pa kupandia, na kijiti kiko juu kwenye chumba cha pili kinasikia ubaridi. Thamostati inaona haja ya kuongeza moto, nayo inaongeza. Mkate unaungua kitako na uso wake haujakauka. Acha upenyo wa vidole vitatu kila upande, hata kama ni kwa kuoka mara mbili. Kutandika foili kwenye sakafu ya oveni ili isichafuke ni kosa la namna hiyo hiyo, tena kwenye oveni ambazo koili imefichwa chini ya sakafu foili huzuia joto likaharibu hata enameli. Na trei nyeusi hunyonya joto kuliko inayong'aa. Vileja hivyo hivyo, dakika hizo hizo, kwenye trei nyeusi hutoka vyeusi zaidi chini.

Halafu kitufe chenyewe. Mhimili wake una ubavu mmoja uliokatwa bapa, na kitufe kina tundu la umbo hilo hilo. Plastiki ikipasuka, kitufe huzunguka kidogo kabla ya kuuzungusha mhimili. Kizime kabisa utazame: alama iko kwenye sifuri, au imepita? Ikiwa imeteleza, namba unayoisoma haina maana.

Jambo linalofanana na hilo na linalosahauliwa sana ni thamostati ya badala. Thamostati za oveni zipo zinazoishia 250 na zipo zinazoishia 300, na kwa sura zinafanana. Fundi akikutilia ya 50 mpaka 300 nyuma ya oveni iliyochapwa 50 mpaka 250, na mzunguko ukawa ule ule, basi alama ya 180 sasa inaita nyuzi 210 na kitu. Hakuna kilichoharibika, kila kitu ni kipya, na keki zinaungua. Ikiwa matatizo yalianza baada ya matengenezo, mwambie fundi akusomee kilichoandikwa kwenye thamostati aliyoitia.

Taa haizimi

Ukingoja nusu saa, dakika arubaini, na taa haijazima hata mara moja, huku ndani panazidi kupanda, izime oveni ukutani. Hapa hakuna cha kurekebisha trei.

Mambo mawili ndiyo makubwa. La kwanza, mafuta yamevuja kwenye kijiti au mrija. Bila mafuta hakuna cha kutanuka, kifuko hakifuri, kontakti haziachani. Kwenye thamostati nyingi za majumbani mvujo huu maana yake ni moto usiokoma. La pili, kontakti zimeungana. Kila zinapoachana hutoa cheche ndogo, na baada ya miaka cheche huzila na hatimaye kuzichomelea pamoja. Yote mawili dawa yake ni moja, thamostati mpya. Unapoinunua linganisha joto la juu kabisa, urefu wa mrija, idadi ya miguu ya waya (pale waya zinapofungwa), na ampea. Koili ya wati 2,000 kwenye volti 230 hula karibu ampea 9, na thamostati za kawaida zimeandikwa 16. Peleka ile mbovu dukani, usipeleke picha ya simu tu.

Oveni za kidijitali hazina mafuta. Zina sensa, yaani kipima joto cha umeme, na kwenye kibao cha vifaa vya umeme kuna relei, swichi inayojiendesha, inayowasha na kuzima. Relei nayo huungana kontakti zake, khasa pale umeme unapokuwa dhaifu na relei ikawa inatetemeka bila ya kushika sawasawa. Ukibonyeza kuzima na koili ikaendelea kuwa nyekundu, mshuku relei kabla ya sensa.

Sensa inapimika kwa mita ya fundi. Aina moja iliyoenea huwa na omu (kipimo cha ukinzani wa umeme) 1,000 kwenye nyuzi sifuri na huongezeka omu 3.85 kwa kila nyuzi moja, kwa hiyo kwenye jiko letu la nyuzi 30 ikiwa baridi isome karibu 1,115. Ikisoma 1,000, inaamini kuna barafu jikoni, na itaipeleka oveni nyuzi 30 juu ya ulichoomba. Kutu ya hewa ya chumvi kwenye viungo vya waya huongeza omu, na kwa sensa hii kuongezeka kwa omu maana yake ni kudhani pana joto zaidi, basi oveni itapoa. Lakini oveni ndogo nyingi za mezani zina sensa ya aina nyengine, ambayo omu hushuka joto likipanda. Kwa hiyo kutu ile ile, kwenye nyumba ile ile ya pwani, oveni moja inaipoza na nyengine inaiunguza. Ndiyo maana sipendi kusikia fundi akisema "ni kutu tu" bila ya kutia mita.

Taa imezima, moto haujazima

Nimesema koili haihusiki. Kuna hali moja inahusika, na ni ya hatari. Waya wa ndani ya koili ukigusa lile bomba la chuma, umeme unapata njia ya mkato kwenda kwenye bodi la oveni, yaani mwili wake wa chuma, na waya wa athi unaoshusha umeme ardhini. Katika nyumba ambazo laivu (waya unaoleta umeme) na nyutro (unaourudisha) zimegeuzwa kwenye soketi, thamostati hujikuta inakata nyutro badala ya laivu. Basi taa inazima, thamostati imekata kwa uaminifu, na nusu ya koili inaendelea kuwaka kwa kupitia athi. Kwa vile ni kipande tu cha koili, huwaka kwa ukali. Kwenye nyumba yenye brekari ya kuvuja umeme, brekari itaanguka papo hapo. Kwenye isiyo nayo, koili itaendelea kuwaka. Na kama waya wa athi haukufungwa, bodi lote la oveni lina umeme.

Dalili yake ni oveni kukupiga umeme ukiigusa ukiwa peku kwenye sakafu yenye maji, au kuwaka wakati kitufe kiko sifuri. Usiijaribu tena. Fundi apime kati ya mguu wa koili na bomba lake; pasiwe na njia kabisa. Kati ya mguu na mguu, koili nzima ya wati 2,000 itasoma karibu omu 26.

Umeme wenyewe nao husingiziwa. Tangu Unguja ilipounganishwa na bara kwa waya wa baharini mwaka 1980, na Pemba ilipounganishwa na Tanga mwaka 2010, kila kifaa kikiharibika watu husema "umeme mkubwa." Volti zikipanda kutoka 230 mpaka 250, koili hutoa nguvu zaidi kwa asilimia 18, kwa kuwa nguvu hufuata volti mara volti. Inatosha kuunguza uso wa keki kidogo, lakini thamostati nzima bado itakata mahali pale pale. Isipokuwa ile oveni ndogo iliyoletwa na shemeji kutoka Marekani: ni ya volti 120, na ukiichomeka kwetu bila ya transfoma inapata karibu mara nne ya nguvu zake. Hiyo haihitaji fundi.

Ya gesi

Oveni ya gesi ina kijiti kile kile cha mafuta, ila badala ya kukata umeme kinaubana mlango wa gesi mpaka ubaki moto mdogo. Moto huo mdogo umewekwa kwa skrubu, na ukiwa mkubwa mno oveni haiwezi kushuka hata ukitaka. Majiko yaliyotumika yanayotoka Uingereza yana mtego mwengine: mengi yalitengenezwa kwa gesi ya bomba, yenye nozeli (vichwa vidogo vinavyotolea gesi) za tundu kubwa. Gesi ya mtungi ina nguvu zaidi ya mara mbili kwa ujazo ule ule. Tundu kubwa na gesi kali, ndimi zinakuwa ndefu za manjano, na sinia linapata masizi. Nozeli zibadilishwe, si kupunguza kwa mkono wa mtungi. Hakikisha pia regyuleta, kile kipunguza presha cha kwenye mtungi, ni ya jiko la nyumbani, si ile ya presha kubwa ya majiko ya shughuli. Baada ya kufungua chochote, pima mvujo kwa povu la sabuni.

Kabla hujamlipa fundi, muulize kuhusu kitu kimoja nyuma ya oveni: kisahani kidogo chenye waya mbili, kinga ya mwisho inayokata kila kitu joto likizidi kabisa. Oveni mbovu huikatisha kinga hiyo mara kwa mara, na wapo wanaochoka nayo wakaunganisha waya zake mbili moja kwa moja ili "isisumbue." Akuonyeshe kwamba ipo na imefungwa. Kisha muweke kitako, chai na visheti vikiwepo si vibaya, oveni ikiwa kwenye 180 na temometa ndani, mpaka taa izime na kuwaka mara tatu. Akisema ana haraka, malipo yake yangoje mpaka atakaporudi.